Kipimo cha kupuliza mapafu: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Tanga

Vipimo vingi vya hospitali unafanyiwa. Unanyoosha mkono, damu inachukuliwa. Unasimama mbele ya eksirei, unaambiwa bana pumzi, kwisha. Spirometria, ambayo wengi wanaiita kipimo cha kupuliza, anaifanya mgonjwa mwenyewe. Mashine inahesabu tu hewa iliyotoka kinywani mwako na kasi iliyotoka nayo. Ukipuliza kwa aibu, karatasi itaandika kwamba mapafu yamedhoofika, na daktari wa chumba cha pili, ambaye hakukuona ukipuliza, ataiamini karatasi.

Nimekaa upande wa mashine kiasi cha kujua kwamba anayekuja akiwa ameshaelezwa humaliza kwa mipulizo mitatu minne, na anayekuja kichwa kichwa hupuliza mpaka akachoka huku majibu bado hayaeleweki. Nitaeleza hatua kwa hatua, na penye ugumu nitakaa zaidi.

Nani huandikiwa kipimo hiki

Hapa Tanga kuna watu wa pumu, ambao ndio wengi. Kuna waliovuta sigara miaka mingi. Kuna akina mama ambao hawajawahi kugusa sigara ila wamepika kwa kuni na mkaa tangu wakiwa wasichana, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Hawa mara nyingi huambiwa "ni uzee huo, bibi" wakati njia zao za hewa zimeharibiwa na moshi. Kuna wafanyakazi wa mkonge, hasa wa chumba cha brashi, kwa sababu kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, jani linasagwa likiwa bichi na maji mengi, lakini kwenye brashi nyuzi zimeshakauka na vumbi lote linapanda puani. Kuna wa saruji kule Pongwe, na wanaochoma na kufungasha chokaa. Kuna waliougua TB wakapona, lakini wakipanda ngazi mbili wanahema. Na kuna anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa, ambaye daktari anataka kujua kama kifua chake kitauhimili.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaruhusiwa kupuliza

Kupuliza kwa nguvu zote kunapandisha presha kifuani, tumboni, kichwani na machoni kwa sekunde kadhaa. Kwa wengi si neno. Lakini kama umepata shambulio la moyo karibuni, umefanyiwa upasuaji wa jicho, sikio, ubongo, kifua au tumbo, pafu limepasuka na hewa ikajaa kifuani, au unakohoa damu, sema kabla hujakaa kwenye kiti. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unataja wiki 1 baada ya shambulio la moyo au upasuaji wa jicho, na wiki 4 baada ya upasuaji wa ubongo, kifua au tumbo. Madaktari wengi husubiri zaidi ya hapo, nami naona wako sahihi. Mjamzito naye aseme, hasa mimba ikishakuwa kubwa.

Sasa suala la TB, ambalo nataka lieleweke vizuri. Kama unakohoa kwa wiki 2 au zaidi, unatokwa jasho usiku, unakonda au una homa za jioni, kipimo chako cha kwanza ni makohozi. Kupima na kutibu TB ni bure katika vituo vya serikali, na mashine ya GeneXpert inatoa jibu ndani ya saa mbili tangu sampuli iingizwe. Mtu mwenye TB isiyotibiwa akipuliza kwa nguvu kwenye chumba kilichofungwa, anamwaga vimelea hewani, na aliyekaa naye ni mpimaji pamoja na bibi mwenye pumu anayesubiri zamu. Mpimaji akikuuliza habari za kikohozi, ndiyo sababu yake, wala usidhani anakunyanyapaa.

Ukishatibiwa TB ukapona, njoo na kadi yako ya matibabu. Makovu ya TB hubana njia za hewa na kupunguza ukubwa wa pafu, na picha ya eksirei ya mtu huyo huonekana mbaya hata vimelea wakiwa wameisha. Wapo wanaorudishiwa dozi ya TB kwa sababu ya picha peke yake, kumbe wanachohitaji ni dawa ya kufungua njia za hewa.

Hatua ya pili: tafuta mashine kabla hujatafuta nauli

Njia ya kawaida ya rufaa inaanzia zahanati au kituo cha afya, inapita hospitali ya wilaya na kufika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kule karibu na bahari. Zaidi ya hapo ni Muhimbili kwa upande wa Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi. Spirometa yenyewe ni kitu kidogo, nyingine zinaenea kiganjani, lakini si kila hospitali inayo, na yenye nayo inaweza kuwa imeishiwa vichujio au mpimaji wake yuko likizo. Mtu anatoka Pangani alfajiri, anafika saa tatu, anaambiwa njoo Alhamisi. Piga simu kwanza, au mtume ndugu aliyeko mjini akaulize.

Maswali yenyewe ni haya: mashine inafanya kazi wiki hii? Vichujio na mabomba ya mdomoni vipo, au ninunue? Mpimaji anakuwepo siku zipi? Nitapimwa kabla na baada ya dawa, au mara moja tu? Bima yangu inalipia? Lile la kabla na baada ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu kipimo cha mara moja kinaweza kuonesha kwamba njia zimebana bila kueleza kama zinafunguka. Ukiuliza swali hilo utapunguza uwezekano wa kurudi.

Mwezi wa Ramadhani una mambo yake. Kupuliza kwenyewe hakuingizi kitu mwilini, lakini dawa ya kuvuta inayotolewa katikati ya kipimo ina maelezo tofauti kwa masheikh tofauti. Kama si dharura, omba tarehe ya baada ya Idi. Kama ni dharura, muulize sheikh unayemfuata kabla ya kuja, si ukiwa umeshakaa kwenye kiti huku foleni inakusubiri.

Hatua ya tatu: dawa, chakula na asubuhi yenyewe

Daktari akitaka kuona njia zako za hewa zikiwa hazina msaada wa dawa, utaombwa usitumie pampu kwa muda fulani kabla. Salbutamoli, ile pampu ya bluu, kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Ipratropiamu, saa 12. Pampu zenye fomoteroli au salmeteroli, saa 24. Tiotropiamu, kati ya saa 36 na 48. Vidonge vya aminofilini bado vinatumika sana huku kwetu. Muulize aliyekuandikia uviache kuanzia lini. Prednisoloni usiikatishe kwa ajili ya kipimo. Na kama unatumia propranolo kwa presha au moyo, mwambie daktari hata kama hakukuuliza, kwa sababu inaweza kubana kifua cha mwenye pumu.

Haya yote yana mpaka. Ukibanwa usiku wa kuamkia kipimo, vuta dawa yako. Andika saa uliyovuta na idadi ya mivuto, uje nayo; mpimaji ataamua kama anaendelea au anakupangia siku nyingine. Hakuna kipimo kinachostahili mtu ateseke usiku kucha akitafuta pumzi.

Chakula kizito usile ndani ya saa 2 kabla ya kipimo, maana tumbo lililojaa linazuia kiwambo cha kifua kushuka, na ukipuliza kwa nguvu unaweza kutapika. Mkate wa mofa kipande na chai ya rangi vinatosha. Baadhi ya vituo huomba uache na kahawa, kwa kuwa kafeini inafungua njia za hewa kidogo. Wazee wa baraza za Ngamiani wanaoanza siku na vikombe vitatu vya kahawa chungu wavumilie asubuhi hiyo moja. Sigara na shisha, angalau saa 1 kabla, na ikiwezekana tangu jana yake. Pombe, angalau saa 8 kabla.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo hili linawahusu wengi: kama umekanyaga kutoka Mabokweni, fika mapema upumzike saa nzima kivulini kabla ya kupuliza. Mazoezi mazito yanaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na hata asiye na pumu anakuwa amechoka.

Mavazi yawe mapana kifuani na tumboni. Kanga iliyofungwa kwa nguvu juu ya kifua, sidiria inayobana, mkanda wa suruali uliokazwa, vyote hupunguza hewa unayoweza kuvuta. Anayevaa nikabu ataifunua, kwa sababu midomo lazima ishike bomba; una haki ya kuomba mpimaji wa kike au pazia, na ombi hilo lifanyike wakati wa kupanga tarehe. Kuhusu hina na piko: kabla ya kupuliza huenda ukawekwa kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, na piko nyeusi juu ya kucha au rangi nzito ya kucha inaweza kuvuruga usomaji wake. Acha japo kidole kimoja kitupu.

Meno ya bandia yakikaa vizuri yaache mdomoni, kwa sababu yanasaidia midomo kushika. Yakicheza, yavue. Na nenda msalani kabla ya kuitwa. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kumfanya mama aliyezaa mara kadhaa avujishe mkojo kidogo, na akiogopa hilo atapuliza nusu nguvu. Wapimaji tunalijua na halitushangazi. Weka kitambaa na upulize.

Hatua ya nne: ndani ya chumba

Kwanza utapimwa urefu, bila viatu wala kofia, umesimama wima. Usiutaje urefu wa kwenye kitambulisho cha zamani. Mashine inatumia urefu, umri na jinsia kukadiria mapafu yako yanatakiwa kutoa hewa kiasi gani, na sentimita tano za uongo zinabadilisha majibu. Aliyepinda mgongo au asiyeweza kusimama hupimwa upana wa mikono iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kingine.

Utakaa kwenye kiti kisicho na magurudumu, mgongo wima, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne. Kiti kinapendelewa kuliko kusimama kwa sababu baadhi ya watu hupata kizunguzungu, na wachache sana huzimia kwa muda mfupi. Bomba la mdomoni na kichujio lazima viwe vipya, na ni haki yako kuona pakiti ikifunguliwa. Mashine nayo inatakiwa ihakikiwe kila siku ya kazi kwa sirinji kubwa ya lita 3. Ukiiona sirinji hiyo mezani, jua unapimwa na mtu anayejali kazi yake.

Kisha pua inabanwa kwa kibanio. Kwa joto letu la Januari na Februari uso unalowa jasho na kibanio kinateleza katikati ya mpulizo, kwa hiyo njoo na leso ufute pua vizuri kwanza. Ni jambo dogo, lakini nimeona mipulizo mizuri ikiharibika kwa ajili ya jasho tu.

Sasa kupuliza kwenyewe. Utaambiwa upumue kawaida, halafu uvute hewa ndefu mpaka kifua kikatae kuongeza. Usikae nayo, mara tu kifua kinapojaa, unaweka bomba kati ya meno, juu ya ulimi, unafunga midomo kulizunguka, na papo hapo unalipua hewa yote kwa nguvu zote ulizonazo. Mashine nyingine zinataka bomba liwe mdomoni tangu mwanzo, mpimaji atakueleza. Kosa kubwa la watu wetu ni kupuliza kama wanavyowasha jiko la mkaa, mashavu yametuna na hewa inatoka kidogo kidogo kupitia tundu la midomo. Hapa mashavu hayana kazi. Nguvu inatoka tumboni na mbavuni, koo liko wazi, na mlipuko unakuja mwanzoni kabisa.

Ukishalipua, usiache. Hapa ndipo wengi wanapoponyoka. Baada ya sekunde mbili unahisi hewa imeisha, lakini haijaisha. Imebaki ile inayotoka polepole, na ndiyo inayoeleza mengi kuhusu njia ndogo za hewa. Mwenye njia zilizobana anaweza kuendelea kutoa hewa kwa sekunde 10 na zaidi. Mpimaji anaangalia mstari kwenye skrini mpaka ulale, au mpaka zifike sekunde 15. Mwishoni atakuambia uvute tena kwa kasi mpaka ujae, bomba likiwa bado mdomoni.

Jiandae kupigiwa kelele. Mazungumzo huanza kwa adabu zote: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Dakika moja baadaye mwanangu huyohuyo anapaza sauti: "Vuta, vuta, jaza! Haya puliza! Toa, toa, toa, bado ipo mama, toa, toa, kidogo tu, usiache!" Wazee wengine hukasirika, na siwalaumu, kijana wa umri wa mjukuu anakufokea. Lakini zile kelele zina kazi: mtu huongeza hewa akihimizwa hivyo, na mpimaji anayesema kwa upole "puliza tu bibi" anakunyima majibu sahihi. Mpimaji mwenye busara humwomba mzee radhi kabla ya kuanza.

Utarudia si chini ya mara tatu. Lengo ni mipulizo mitatu isiyo na dosari, na miwili iliyo bora itofautiane kwa mililita 150 au chini ya hapo, ili ithibitike kwamba ulitoa uwezo wako wote na haukubahatisha. Ukikohoa ndani ya sekunde ya kwanza, ukisita kuanza, hewa ikivuja pembeni mwa midomo, ulimi ukiziba bomba au ukiacha mapema, mpulizo huo hauhesabiwi. Mtu mzima kwa kawaida haombwi zaidi ya mipulizo minane. Baada ya hapo uchovu unashusha majibu. Kati ya mpulizo na mpulizo pumzika mpaka kichwa kitulie. Kuona nyotanyota, kukohoa au kifua kukaza kidogo ni kawaida. Maumivu ya kifua si kawaida. Inua mkono, kipimo kisimame.

Watoto huweza kipimo hiki kuanzia miaka mitano au sita hivi, na mara nyingi wanapuliza vizuri kuliko wazazi wao, kwa kuwa hawana aibu. Programu nyingine zina mchezo wa kuzima mishumaa kwenye skrini. Mama akae pembeni, asimfundishe mtoto kwa sauti ya pili. Mtoto anayepewa amri na watu wawili hamfuati yeyote.

Hatua ya tano: dawa, kisha mara ya pili

Baada ya mipulizo ya kwanza utavuta salbutamoli, kwa kawaida mivuto 4 ya mikrogramu 100 kila mmoja, kupitia chombo cha plastiki kiitwacho speza kinachoshika wingu la dawa ili uivute taratibu. Halafu unasubiri dakika 10 hadi 15. Mikono inaweza kutetemeka na moyo kwenda mbio, vyote hupita. Kisha unapuliza upya, kwa nguvu ileile. Kipimo kizima, pamoja na kusubiri, ni kama saa moja, umeme usipokatika.

Nisipite bila kusema hili kuhusu speza. Wanaonunua pampu ni wengi, wanaonunua speza ni wachache, na dawa nyingi inaishia kooni. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa tundu linaloshika mdomo wa pampu bila kuvuja, inafanya kazi nzuri. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wa pumu na ikafaa sawa na ya dukani.

Hatua ya sita: kuisoma karatasi

Omba nakala, tena ile yenye grafu na mipulizo yote. Kuandikiwa "mapafu: wastani" pembeni ya daftari la kliniki hakutoshi.

Utakuta herufi FVC. Hiyo ni hewa yote uliyotoa, kwa lita. FEV1 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. FEV1/FVC ni sehemu ya hewa yote iliyotoka katika sekunde hiyo. Anza na uwiano huo. Mapafu yaliyo wazi humwaga sehemu kubwa ya hewa mapema. Njia zikibana, hewa inakuwepo lakini inachelewa kutoka.

Tuchukue mfano wa kutunga wa mwanamume mwenye FVC lita 3.20 na FEV1 lita 1.76. Uwiano ni asilimia 55, na hapo hewa inabanwa. Baada ya dawa FEV1 inafika lita 2.06, yaani imeongezeka mililita 300, sawa na asilimia 17. Kigezo kinachotumika sana husema ongezeko la asilimia 12 pamoja na mililita 200 ni la kweli, kwa hiyo njia zake zinafunguka, na pumu inaingia kwenye hesabu. Lakini kama FVC baada ya dawa ni lita 3.30, uwiano bado ni asilimia 62. Chini ya 70 baada ya dawa, kwa mvutaji wa zamani au mama wa jiko la kuni, daktari atafikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wenyewe wanauita COPD. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Mwingine ana FVC lita 2.00 na FEV1 lita 1.70. Uwiano ni asilimia 85, mzuri, lakini hewa yote ni kidogo. Huenda pafu limepungua kwa makovu, kifua hakitanuki, mwili una uzito mkubwa, au hakuvuta hewa ya kutosha. Spirometria peke yake haiwezi kuthibitisha lipi. Hapo utahitaji eksirei na pengine vipimo vya hospitali kubwa.

Mpaka wa 70 wenyewe una kasoro. Uwiano hushuka kwa umri hata kwa mwenye afya, kwa hiyo mzee wa miaka 78 anaweza kupewa jina la ugonjwa asio nao, na kijana wa miaka 25 mwenye tatizo akaambiwa yuko sawa. Karatasi za kisasa huonesha kiwango cha chini cha kawaida kwa umri wako, au alama ya z, inayoonesha uko mbali kiasi gani na wastani wa watu kama wewe. Chini ya −1.64 ndipo pa kujadili.

Grafu nayo isome. Mpulizo mzuri unapanda ghafla, unafanya kilele chenye ncha, kisha unateremka. Njia zikibana, mteremko unabonyea kwa ndani. Kilele kikiwa butu au mteremko una mikwaruzo, uwezekano mkubwa ni kwamba hukulipua au ulikohoa, na asilimia zilizoandikwa pembeni hazina maana mpaka urudie.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi na wapimaji wengi hawaliangalii: asilimia inayosema uko 78 au 91, ya nani? John Hutchinson, daktari wa Uingereza aliyetangaza spirometa yake mwaka 1846, alipima watu zaidi ya 2,000 na kuonesha kwamba hewa ya mapafu inaongezeka kwa urefu na kupungua kwa umri. Tangu hapo kila mashine inakulinganisha na kundi fulani la watu. Hesabu za kimataifa za mwaka 2012 zinaruhusu mpimaji achague kundi la asili, na kundi lililowekewa watu weusi lilitokana na Wamarekani weusi. Matarajio yake ni ya chini kwa karibu asilimia 15 kuliko ya wazungu. Maana yake FVC ileile ya lita 3.20 inaweza kusomeka 78 ukichaguliwa kundi moja na 91 ukichaguliwa jingine. Ya kwanza inakupa ugonjwa, ya pili inakurudisha kwenye vumbi. Mwaka 2022 zilitoka hesabu zisizotenganisha asili, na mwaka uliofuata chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kikapendekeza zitumike. Mashine nyingi bado zina mpangilio wa zamani. Uliza: "Hapa mmechagua kundi gani?" Na ukipimwa tena mwakani, hakikisha ni lilelile, ama ulinganishe lita na lita uachane na asilimia.

Hatua ya saba: baada ya hapo

Rudi kwenye dawa zako siku hiyohiyo kama ulizisimamisha. Kama kipimo ni cha kawaida lakini kifua chako kinabana usiku, usikubali mazungumzo yaishie hapo. Pumu huja na kuondoka, na siku ya kipimo ilikuwa imeondoka. Omba kifaa kidogo cha kupima kasi ya mpulizo, kile chenye kishale kinachosogea kwenye namba. Simama, rudisha kishale sifuri, puliza mlipuko mmoja mfupi, mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Asubuhi na jioni kwa wiki 2. Kila siku chukua tofauti ya jioni na asubuhi, gawanya kwa wastani wa namba hizo mbili, zidisha kwa 100. Kama wastani wa siku zote unazidi asilimia 10 kwa mtu mzima, mpelekee daktari daftari lako. Linamweleza kuliko maneno.

Kwa wafanyakazi wa mkonge, saruji na chokaa nasema kwa mkazo zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoacha. Kipimo cha mwanzo ndicho cha thamani kuliko vyote. FEV1 ya mtu mzima hupungua kwa mililita 25 hadi 30 kila mwaka kwa kawaida. Ukiwa na karatasi ya siku ya kwanza, mtu anaweza kuona kwamba umepoteza mara mbili au tatu ya hiyo. Bila karatasi hiyo ni ubishi tu. Kama kifua kinabana ukiwa zamu na kinatulia siku za mapumziko, omba upimwe kabla ya kuingia zamu na baada ya kutoka siku hiyohiyo, na uandike tarehe. Ugonjwa unaotokana na kazi unaweza kudaiwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na dai hilo linahitaji ushahidi. Karatasi za ofisini huhama na mameneja, kwa hiyo piga picha kila majibu kwa simu yako, na ya karatasi iweke nyumbani pamoja na vyeti.

Kurudia hutegemea hali. Aliyeanza dawa ya pumu hupimwa tena baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Mwenye COPD kila mwaka. Kila ukienda, nenda na karatasi ya mara iliyopita, umpe mpimaji kabla hajawasha mashine.